Ibada yako ya kwanza ya Santo Daime: kujiandaa, kushika nafasi mstarini na kutoka salama

Santo Daime ilianza mwaka 1930 pembezoni mwa Rio Branco, mji mkuu wa jimbo la Acre nchini Brazili. Mwanzilishi wake, Raimundo Irineu Serra, alikuwa mtu mweusi mzaliwa wa Maranhão aliyehamia Acre kugema utomvu wa mpira. Huko msituni alikutana na chai ambayo wenyeji wa Amazoni walikuwa wakiinywa tangu zamani, akaifungamanisha na sala za Kikatoliki, nyimbo, sare na kanuni kali za mwenendo. Wafuasi wanamwita Mestre Irineu, yaani Mwalimu Irineu. Alifariki tarehe 6 Julai 1971. Chai yenyewe inaitwa daime, na kwa waumini ni sakramenti inayonywewa ndani ya ibada tu. Ibada nayo wanaiita kazi, na mgeni akikesha nao usiku mmoja hatashangaa kwa nini.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuhudhuria kwa mara ya kwanza. Haufundishi kupika chai, wala haumshauri mtu ainywe peke yake nyumbani. Mengi yanayoharibika usiku wa ibada huwa yameshaharibika siku kadhaa kabla: dawa iliyofichwa, tumbo lililoshindiliwa, au mtu aliyekuja akitazamia kuona maajabu amelala, kisha anaambiwa asimame mstarini mpaka alfajiri akiimba Kireno.

Kuchagua kanisa

Kuna matawi, na hayaendeshwi sawa. Alto Santo, Rio Branco, ndipo penye kanisa la mwanzo na kaburi la Mestre Irineu. Watu wa huko hawana haraka ya kupokea wageni na hawana hamu ya kujitangaza. Tawi lililosambaa duniani ni lile la Padrinho (jina la heshima, yaani baba wa ubatizo) Sebastião Mota de Melo, aliyejitenga na kanisa la mwanzo miaka ya 1970, akaongoza jumuiya ya Colônia 5000, kisha mwaka 1983 akaanzisha kijiji cha Céu do Mapiá katikati ya msitu wa jimbo la Amazonas. Tawi hili leo linajulikana kwa kifupi cha ICEFLU. Makanisa yake mengi huitwa Céu (mbingu) fulani, kama Céu do Mar la Rio de Janeiro, lililoanza mwaka 1982.

Usichanganye Santo Daime na União do Vegetal, dini iliyoanzishwa na José Gabriel da Costa mwaka 1961. Wao wanakunywa chai hiyohiyo lakini wanakaa vitini, wanasikiliza mafundisho na kuuliza maswali, na vikao vyao vya kawaida ni Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya mwezi kuanzia saa mbili usiku. Hawachezi. Barquinha, iliyoanzishwa na Daniel Pereira de Mattos huko Rio Branco mwaka 1945, ina utaratibu wake pia, na roho kupanda watu ni sehemu ya ibada. Ukialikwa kwenye mojawapo ya hizo, kanuni za mwili na dawa zilizo hapa chini zinabaki vilevile. Yanayohusu mstari, mavazi na nyimbo usiyafuate.

Wengi hutamani kuanzia Mapiá. Sisi tungeshauri uanzie kanisa la mjini. Kufika Mapiá unakwenda Rio Branco, kisha kwa barabara hadi Boca do Acre, kisha kwa mtumbwi wa injini kwenye mto Purus na kijito cha Mapiá. Maji yakiwa mengi safari ya mtumbwi huisha siku hiyohiyo. Wakati wa kiangazi kijito kinakauka, magogo yanajitokeza, abiria wanashuka kuvuta mtumbwi, na mnaweza kulala njiani. Chanjo ya homa ya manjano na kinga ya malaria zitafutwe mapema. Jambo kubwa zaidi ni kwamba mwili ukikukatalia daime, utakuwa mbali sana na hospitali.

Brazili imetoa vipimo vizuri vya kupimia kanisa. Azimio namba 1 la CONAD, baraza la taifa la sera za dawa za kulevya, la tarehe 25 Januari 2010, linatambua matumizi ya chai hii kwa ibada na kuweka masharti: isiuzwe, isitangazwe, isigeuzwe biashara ya utalii, isichanganywe na dawa za kulevya, na mgeni ahojiwe kabla ya kunywa. Kuchangia gharama kunaruhusiwa, kwa hiyo usishtuke ukiombwa reais kadhaa, fedha za Brazili, za mishumaa, chakula na matengenezo. Ukikuta tangazo la “uponyaji wa uhakika wa saratani”, bei kama ya hoteli, kiongozi anayetaka kukutana na wanawake faraghani, au mtu anayekupa kikombe bila kukuuliza hata dawa unazotumia, ondoka. Kanisa linalokuhoji kwa saa nzima na kukuambia usubiri mwezi mmoja linakutendea wema.

Mahojiano, na hasa dawa

Hapa ndipo pa kukaza macho. Daime hupikwa kwa mimea miwili: mtambaazi *Banisteriopsis caapi*, ambao waumini wanauita jagube, na majani ya *Psychotria viridis*, wanayoyaita rainha. Majani yana DMT, kemikali inayoleta maono, ambayo ukiimeza peke yake huvunjwavunjwa tumboni na kwenye ini na kimeng’enya kiitwacho MAO-A kabla haijafika kokote. Jagube ina harmine na ndugu zake, ambazo hukifunga kimeng’enya hicho kwa saa kadhaa. Ndiyo sababu chai inafanya kazi, na ndiyo sababu dawa ambayo siku zote haina neno inaweza kugeuka sumu usiku huo: mlinzi aliyekuwa akizuia serotonini, kemikali ya ubongo na neva, isizidi mwilini amefungwa mikono.

Andika kila kitu unachomeza, hata cha duka la mitishamba, kwa jina kama lilivyo kwenye pakiti. Hatari kubwa ziko hapa:

- Dawa za sonona na wasiwasi: fluoxetine, sertraline, paroxetine, citalopram, escitalopram, venlafaxine, clomipramine na jamii zao. Fluoxetine hukaa sana mwilini. Madaktari huhesabu takribani wiki 5 tangu kidonge cha mwisho.
- Dawa ambazo zenyewe hufunga MAO, kama phenelzine, tranylcypromine na moclobemide.
- Dawa za maumivu kama tramadol na pethidine, na dawa za kikohozi zenye dextromethorphan.
- Dawa za mafua zenye pseudoephedrine, vidonge vya kupunguza uzito vyenye vichocheo, MDMA, kokeini na amfetamini.
- Lithium, na mmea wa St. John’s wort unaouzwa kama dawa ya huzuni.

Dawa ya mafua ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Mtu anataja vidonge vyake vya presha, halafu anasahau kile cha kufungua pua alichomeza asubuhi ileile.

Usiache dawa ya daktari ili upate kunywa daime. Kuacha ghafla kuna balaa lake: kizunguzungu, kukosa usingizi, ugonjwa kurudi kwa nguvu. Ukiwa kwenye dawa za sonona na hali yako imetulia, jibu letu ni fupi: usinywe. Kama kuna mpango wa kuachishwa dawa kwa sababu za tiba, ni wa daktari wako, nao hauna uhusiano na kalenda ya kanisa.

Yapo pia maradhi yanayomweka mtu kando: skizofrenia, ugonjwa wa hisia za kupanda na kushuka, historia ya kupagawa au kusikia sauti, hata kama ni ya mzazi au ndugu wa damu, ugonjwa wa moyo, presha isiyodhibitiwa, kifafa. Daime hupandisha presha na mapigo ya moyo kwa saa kadhaa hata kwa mtu mwenye afya kamili. Kwa wajawazito sheria ya Brazili inaliacha jambo mikononi mwa mama, na wapo waumini wanaokunywa kidogo wakiwa na mimba. Mgeni ambaye hajawahi kunywa asianze wakati huo.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Hakuna anayekuhoji ili akuaibishe, na wala hakuna mashine mlangoni ya kugundua ulichomeza. Ulinzi wote umejengwa juu ya ukweli wako.

Siku tatu kabla

Desturi tangu enzi za Mestre Irineu ni siku tatu kabla na siku tatu baada bila pombe wala tendo la ndoa. Kanisa nyingi hazina orodha ndefu ya miiko ya chakula kama ilivyo kwa waganga wa Amazoni ya Peru. Hata hivyo ni busara kuacha jibini iliyokaa muda mrefu, nyama za kukausha na kukolezwa, mchuzi wa soya na vyakula vilivyochacha, kwa kuwa vina tiramini, kemikali inayoweza kupandisha presha, ambayo mwili huivunja kwa kimeng’enya hichohicho kinachofungwa na chai. Jagube hukifunga kwa muda tu, kwa hiyo hatari ni ndogo kuliko kwa vidonge vya hospitali vya aina hiyo. Lakini maumivu makali ya kichwa katikati ya ibada hayana faida.

Siku yenyewe kula chakula chepesi, cha mwisho saa nne hivi kabla ya kuanza: wali, mboga za kuchemsha, matunda. Tumbo likijaa, chai inachelewa kupanda, kisha inapanda yote kwa mkupuo pamoja na kutapika kuzito. Usije na njaa ya kutwa nzima pia, maana utasimama muda mrefu. Kunywa maji ya kutosha mchana. Tafuta mtu wa kukurudisha nyumbani, au panga kulala kanisani. Usiendeshe gari mpaka umelala.

Mavazi

Waumini waliokwisha jiunga huvaa sare iitwayo farda. Ile ya buluu ni ya ibada za kukaa na kutulia: shati jeupe na suruali ya buluu iliyoiva kwa wanaume, sketi ndefu ya marinda ya rangi hiyo kwa wanawake. Nyeupe ni ya sikukuu. Wanaume huvaa suti nyeupe. Wanawake huvaa sketi nyeupe ndefu yenye kisketi cha kijani juu yake, ukanda wa kijani unaokatiza kifua, utepe wa rangi nyingi unaoning’inia kutoka begani, na taji kichwani. Kifuani hukaa nyota ya pembe sita, ambayo mtu hupewa siku ya kujiunga.

Wewe mgeni vaa nguo nyeupe au za rangi hafifu. Nyeusi na nyekundu ziachie siku nyingine. Mwanamke avae sketi inayovuka magoti, na blauzi yenye mikono. Mwanamume avae suruali ndefu na shati. Viatu viwe bapa na vimeshazoea miguu. Viatu vipya usiku wa kucheza ni adhabu ya kujitakia. Beba sweta, kwani mwili hupoa saa za usiku mkubwa hata kama nje kuna joto. Manukato makali yaache nyumbani: mwenye daime tumboni hunusa mara kumi, na jirani yako ndiye atakayelipa.

Ibada ipi ya kuanzia

Anza na konsentrasao, ambayo hufanyika tarehe 15 na 30 ya kila mwezi. Huchukua saa nne hivi. Inafunguliwa kwa sala, watu wanakunywa, wanaimba nyimbo kadhaa wakiwa wamekaa, kisha taa hupunguzwa na ukimya huingia kwa saa moja au zaidi. Katika ukimya huo unakaa wima, miguu chini, mikono juu ya mapaja. Usikunje mikono kifuani wala usipandanishe miguu. Baada ya hapo nyimbo zinarudi, na ibada inafungwa.

Hinario ni jambo jingine. Ni kuimba kitabu kizima cha nyimbo, kuanzia machweo hadi asubuhi, kwa kucheza. Kile cha Mestre Irineu, O Cruzeiro, kina nyimbo zaidi ya 120, na nyingi hurudiwa beti kwa beti. Kuna mapumziko ya saa moja hivi katikati. Misimu mikubwa ni Juni hadi Julai, kwa ajili ya Mtakatifu Antonio, Yohane na Petro na kumbukumbu ya kifo cha Mestre, kisha Desemba hadi Januari, kuanzia sikukuu ya Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili hadi ya Mtakatifu Sebastiani. Mgeni anayeanza na usiku wa Mtakatifu Yohane kwa sababu picha zake zinapendeza, mara nyingi humaliza usiku huo kwenye mkeka.

Omba kitabu cha nyimbo mapema. Kwenye ukingo wa kushoto wa ukurasa utaona mistari ya wima kandokando ya beti. Si pambo: mstari unaonyesha kipande cha kurudiwa, na penye mistari miwili sambamba kuna marudio mawili, kimoja ndani ya kingine. Asiyejua hilo huruka mbele peke yake kila ubeti. Usihangaike kukariri Kireno. Chagua nyimbo tatu nne, zisikilize mpaka ulimi uzoee, na usiku huo ziwe nanga yako.

Kikombe

Ukifika unaandikishwa, unaonyeshwa choo, mahali pa kutapikia na mahali pa kujilaza, kisha unapangiwa nafasi. Wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, wakiizunguka meza, ambayo katika makanisa ya ICEFLU huwa na umbo la nyota. Juu yake kuna msalaba wenye mbao mbili za kukingama, mishumaa, maua na picha. Watu hupangwa kwa urefu, na mara nyingi wasio na ndoa hutengwa na wenye ndoa. Usiteue nafasi mwenyewe, na usiombe kukaa na mwenzi wako.

Sala za kufungua ni Baba Yetu na Salamu Maria zinazopokezana, pamoja na sala zilizotoka kwenye jumuiya moja ya kiroho ya São Paulo ambayo Mestre Irineu alikuwa na mawasiliano nayo. Kisha foleni mbili hujipanga mbele ya dirisha au meza ya kugawia. Unafanya ishara ya msalaba, unapokea, unakunywa mara moja bila kuonja onja. Ladha ni chungu na chachu, rangi kama udongo wa mfinyanzi uliolowa. Rudisha kikombe, ondoka kwenye njia.

Usiulize ni mililita ngapi, wala usilinganishe kikombe chako na cha jirani. Chai hutofautiana nguvu kutoka mpishi hadi mpishi na chungu hadi chungu, na nyingine hupikwa mpaka ikawa nzito kama asali, hivyo ujazo haukuambii kitu. Anayegawa anaijua chai ya siku hiyo. Mwambie ni mara yako ya kwanza na uombe kidogo. Hakuna atakayekucheka.

Chai huanza kupanda kati ya dakika 20 na saa moja, hufika kileleni saa moja na nusu hivi baada ya kunywa, na hushuka polepole hadi saa ya nne. Kosa la kawaida ni hili: dakika 50 zimepita, mtu anajiona yuko vilevile, duru ya pili inaitwa, anakwenda kwa ushujaa. Robo saa baadaye ya kwanza inafika, na ya pili iko njiani. Duru ya pili usiiendee mpaka ujue ya kwanza imekufikisha wapi, na kama hujui, kaa.

Mstarini

Kwenye hinario kila mtu ana kisanduku chake kilichochorwa sakafuni, na anacheza humo humo. Mahadhi ni matatu. Marcha ni hatua chache kwenda upande mmoja na kurudi upande wa pili. Valsa ni kuyumba papo hapo kwa mapigo matatu. Mazurca ni kugeuza mwili nusu huku na nusu kule. Manyanga, ambayo ni kopo la bati lenye gololi ndani na mpini wa mti, hupigwa na waliojiunga. Katika marcha ni chini mara tatu na juu mara moja. Katika valsa, chini mara mbili, juu mara moja. Usilete ya kwako. Manyanga moja inayochelewa husikika na ukumbi mzima, na watu ambao chai imewapanda hawana namna ya kuziba masikio.

Usitazame miguu yako. Mtazame mwanamke au mwanamume aliye mstari wa mbele na ufuate bega lake. Waongoza nyimbo, kwa kawaida wanawake walio karibu na meza, ndio wanaoshika mwendo. Wao wakishuka sauti nawe shuka.

Kwa nini ukali wote huu wa mstari? Kwa imani yao, nguvu huzunguka kwa kupitia safu, na pengo huivujisha. Hata usipoamini hivyo, utaona faida yake kwa macho: mtu aliyeanza kupotelea mawazoni hurudishwa na mwendo wa waliomzunguka. Kwa hiyo kutoka kuna adabu yake. Subiri wimbo uishe, toka kwa nyuma, usikatize kati ya mtu na meza. Wasimamizi, wanaoitwa wafiskali, wataziba nafasi yako. Desturi ni kutokuwa nje kwa zaidi ya nyimbo tatu. Ukirudi, ngoja tena mwisho wa wimbo. Usiongee na mtu, usimguse, usimkumbatie anayelia hata ukimwonea huruma. Hiyo ni kazi ya fiskali.

Katikati ya nyimbo mtu atapaza sauti “Viva!” kwa Baba wa Milele, kwa Malkia wa Msitu, kwa Mestre, na wote huitikia. Itikia. Na usiondoke kabla ya sala za kufunga.

Mambo yakienda mrama

Kutapika hakuhesabiwi ajali. Wanaita kusafishwa, na ndoo au nyasi zipo kwa ajili hiyo. Usijizuie ukiwa mstarini kwa aibu. Ukihisi mate yanajaa mdomoni, toka hapo hapo bila kusubiri wimbo uishe. Kuhara pia hutokea.

Kuna wakati mgumu wanaouita peia, yaani kipigo: hofu, aibu za zamani kujipanga mbele yako, kuhisi kwamba hutapona tena. Ukishikana nayo mieleka inaongezeka. Rudi mstarini kama miguu inakubali, fungua macho, tazama mshumaa, imba hata silabi za mwisho tu. Sauti ikitoka, pumzi hupata mpangilio, na hofu hupungua. Kama miguu haikubali, mwambie fiskali, jilaze ubavu, usilale chali, kwa sababu ya kutapika.

Yapo yasiyo peia, na hapa hakuna mjadala wa kiroho. Joto la mwili kupanda sana, misuli kukakamaa, miguu kurukaruka yenyewe, jasho jingi na mtu kutoelewa yuko wapi: hizo ni dalili za serotonini kuzidi. Maumivu ya kifua, kichwa kuuma ghafla kama kinapasuka, degedege, kuzirai bila kuamka: vivyo hivyo. Brazili namba ya gari la wagonjwa, SAMU, ni 192. Waambie wahudumu wazi mgonjwa amekunywa nini na saa ngapi, kwa sababu dawa nyingine za hospitali, pethidine na tramadol zikiwemo, hazifai kuchanganywa na chai hiyo. Kanisa linalosita kupiga simu kwa kuogopa jina lake usilirudie.

Baada ya ibada

Kula kitu chepesi, lala. Siku tatu zile za kujizuia bado zinaendelea. Usiache kazi, usivunje ndoa, usiuze nyumba kwa sababu ya ulichoona. Kiandike, kisha kisome baada ya wiki mbili. Wageni wengi hutoka na ujumbe kwa ajili ya shemeji zao, na hilo peke yake ni ishara kwamba usingizi unahitajika. Ukikesha usiku wa pili mfululizo huna usingizi wala uchovu, mawazo yanakimbia, au bado unaona na kusikia visivyokuwepo, nenda kwa daktari siku hiyohiyo.

Ukiendelea kuhudhuria huenda ukaalikwa kwenye feitio, kupika kwa daime, kazi inayochukua siku kadhaa. Kubali kama mgongo una afya. Wanaume hukwangua jagube na kuipondaponda kwa nyundo za mti, wamekaa safu kwa safu wakiimba. Wanawake huchambua majani moja moja, wakifuta vumbi na kutoa wadudu na majani yaliyooza. Pande hizo mbili hazichanganyiki, na maongezi ya ovyo hayatakiwi. Chunguza majani yako vizuri, kwa maana kila kinachopita mikononi mwako kitaingia chunguni.

Usiombe chupa ya kupeleka nyumbani, hasa ukivuka mpaka. DMT imo kwenye jedwali la kwanza la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, na kila nchi ina msimamo wake juu ya chai. Marekani, Mahakama ya Juu iliipa ushindi União do Vegetal mwaka 2006, na kanisa la Santo Daime la Oregon likashinda kesi yake mwaka 2009. Ushindi huo ni wa makanisa yaliyotajwa, hauhusu abiria mwenye chupa kwenye begi. Kanada imetoa vibali kwa makanisa kadhaa. Ufaransa iliiweka mimea yenyewe kwenye orodha ya marufuku mwaka 2005. Uholanzi, ambako waumini walikuwa huru kwa miaka mingi baada ya hukumu ya mwaka 2001, mlango ulifungwa na mahakama ya juu mwaka 2019. Aliyewahi kusoma makala ya zamani akadhani Amsterdam bado ni salama ajue sheria imebadilika.

Kujiunga hakuna haraka wala mtihani. Mtu huomba nyota mwenyewe, baada ya kuhudhuria vya kutosha kujua kalenda nzima, zikiwemo konsentrasao zinazoangukia katikati ya wiki, ambazo hazina muziki wa kucheza wala wageni wengi. Hudhuria hizo kwanza. Ukiona unazikwepa na kungojea usiku wa sikukuu tu, usiishone farda bado.